Chai ya Tamsin na Hatua ya Tatu

Mheshimiwa Mkurugenzi wetu, Bi. Lonsdale, Bwana na Bibi Ackroyd, wazazi wa Tamsin mliotoka Whitby alfajiri na kubadilisha treni mara mbili, wenzangu wa idara ya ukaguzi wa madaraja, na wewe Tamsin, ambaye nimekuomba ukae mbali kidogo na keki:

Nimepewa dakika tano za kumuaga binti huyu, anayekwenda kuongoza ofisi yetu ya Newcastle. Nimechaguliwa kwa kuwa nilikuwa msimamizi wake wa kwanza. Laiti mngejua nilivyomsimamia.

Alikuja hapa Huddersfield miaka sita iliyopita, wino wa shahada yake ya uhandisi haujakauka. Wiki ya kwanza ikafika zamu yake ya chai, na mnajua, katika ofisi hii mgeni asipowapikia wenzake chai hahesabiwi kuwa amefika. Tamsin akatoka jikoni na sinia la vikombe saba. Vitatu vilifika. Vinne viliishia juu ya mchoro wa daraja niliouchora kwa siku tisa.

"Usijali, mpenzi," Maureen wa mapokezi akamwambia. "Daraja lisilo na maji chini ni la nini?"

Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo.

Lakini je, lilikuwa sinia tu? Alipotea kwenye korido zetu, ambazo ni mbili. Nilimpa maagizo huku tukipanda ngazi, kama ilivyo desturi yangu, naye akarudi na kazi nusu. Mwezi wake wa tano nikajaza fomu yake ya kipindi cha majaribio: "Hana umakini. Asithibitishwe kazini." Bi. Lonsdale, fomu hiyo hukuiona. Tamsin naye anaisikia leo. Ilikuwa mezani kwangu, ikingoja saini tu, alipobisha hodi.

"Clive, nina dispraksia," akasema. "Nimezaliwa nayo. Kichwa kinajua, ila mikono na miguu inachelewa kupata habari. Ukinitajia mambo matano kwenye ngazi, mwenzio niko bize nisianguke."

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza nilikuwa natafuta choo. Niliogopa mtanifukuza kabla sijakipata."

Akaomba kitu kimoja: maagizo niyaandike.

Nikakaa kuandika, nimenuna. Hatua ya kwanza, fungua kumbukumbu za daraja. Ya pili, pima nguzo. Ya tatu... Ndugu zangu, ya tatu haikuwemo katika maagizo yangu ya ngazini. Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nikiruka kutoka ya pili hadi ya nne, na kila kijana niliyemlalamikia alitumbukia katika shimo lile lile. Nani basi hakuwa na umakini?

Fomu nikaichana. Karatasi ya hatua ndiyo mnayoitumia nyote hadi leo, na Tamsin, ambaye hajawahi kuruka hata mstari mmoja, ameona nyufa ambazo sisi wenye mikono mizuri tulizipita tukipiga mluzi.

Sisemi imekuwa rahisi. Bibi Ackroyd, wewe ndiye uliyepokea simu zake jioni, akiwa amechoka mwili mzima kwa kazi ambayo mimi huifanya bila kufikiri. Tunakushukuru kwa kuzipokea.

Na chai? Siku moja baada ya mazungumzo yetu alileta chupa mbili kubwa za chai, akazitua katikati ya meza. "Kila mtu ajimiminie," akasema. "Nyie si watoto." Hakuna aliyebeba sinia tena.

Tamsin, zawadi yangu ni karatasi hii: njia ya kutoka kituo cha treni cha Newcastle hadi kwenye kiti chako kipya. Nimeitembea mwenyewe Jumamosi, mara mbili. Hatua ya tatu imo.

Ahsanteni kwa kunivumilia. Chupa zile ziko mezani, na kila mtu ajimiminie.