Lori Lisilo na Moshi Likiugua

Kijiwe cha Uyole kiko nyuma ya gereji, kwenye benchi lililoundwa kwa mbao za kreti za injini, na kwa baridi ya Mbeya kahawa hushikwa kwa mikono miwili. Asubuhi hiyo Shedrack, dereva waliyemwita Kitonga kwa jinsi anavyousifu mlima ule wa Iringa, alikuwa hajagusa kikombe chake. Tajiri wake, Suresh, alitaka jibu kabla ya mchana: aende Dar kujifunza lori la majaribio linalotumia amonia, au nafasi hiyo apewe mwingine. Shedrack alikuwa ameliombea jambo hilo usiku. Ila Mungu amsamehe, aliomba zaidi hilo lori liharibike.

— Amonia si ndiyo ya kutengenezea mbolea? akauliza Anord, fundi, jina la kijiweni Injekta.

— Hiyo hiyo, akajibu Philbert, mwanakwaya waliyempachika Askofu. Haishiki moto kirahisi, inatanguliziwa dizeli kidogo ya kuiwasha. Ndo maana wahenga wakasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Moshi je?

— Mweusi karibu hamna. Kinachotoka zaidi ni mvuke, na naitrojeni, iliyojaa kwenye hewa hii tunayovuta.

— Kazi ya Mungu haina makosa, akadakia Injekta. Sasa lori likipanda Kitonga, mahindi kando ya lami yataota yenyewe.

— Na nyani watafuga ndevu, akaongeza mwenyewe.

— Nyani watahama, Injekta. Ile kitu inanuka, inachoma macho, ikivuja inaua. Ndo maana wanafundisha kwanza.

Shedrack alicheka nao, na moyoni akaanza kuitamani injini hiyo aliyokuwa akiiogopa.

Juliana, mkulima aliyekuwa akingoja mbolea yake ishushwe, akasogea.

— Samahani, kaka. Lori lako la sasa likiugua, unajuaje?

— Kwa moshi, dada. Natazama kiooni. Ukiwa mweusi, halipumui vizuri. Wa bluu, linakula oili. Mweupe, pengine maji yameingia.

— Na hilo lisilo na moshi?

 

Shedrack akainywa kahawa yake, imeshapoa, akapiga simu.

— Tajiri, habari za asubuhi. Nitakwenda. Kuna swali hapa kijiweni, na mimi ndiye wa kulifuatia jibu.