Bati Linalong'aa Msituni

Ndani ya basi, fundi cherehani alijifanya kasinzia, kumbe masikio yote yako kiti cha mbele. Hapo dada mmoja mwenye kompyuta mapajani alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake, bwana wa makamo mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi, picha za msitu zilizopigwa na setilaiti.

"Hapa mwaka jana palikuwa kijani tupu," dada alisema. "Mwaka huu pana kipara."

"Labda miti imezeeka, mwanangu."

"Ikazeeka kwa mstari ulionyooka hivi, baba? Na hiki kinachong'aa ni bati. Mtu amefyeka msitu, akajenga nyumba ndogo."

Bwana akakohoa. Fundi nusura acheke, maana kikohozi kile alikijua. Ndicho wanaume hukitoa wakiulizwa walilala wapi.

"Na mawingu yakitanda, je?"

"Tuna mitambo mingine, inapenya mawingu."

"Hamna adabu nyinyi. Siku hizi mtu hana faragha hata porini." Akashusha sauti. "Mwenye nyumba naye anaonekana?"

"Haonekani. Ila afisa misitu nikimkabidhi hizi leo, atakwenda mwenyewe kugonga mlango."

"Afisa yupi? Yule mama mkali, mwenye miwani?"

"Huyohuyo. Unamfahamu?"

"Ni mke wangu," bwana alisema, kama mtu anayemtajia daktari ugonjwa.

Basi likasimama mbele ya ofisi ya misitu. Dada akafunga kompyuta, akainuka, akaomba njia. Bwana hakusogeza magoti.