Nyusi za Diwani Perpetua

Mheshimiwa Meya, Mama Herminia Sagarino, Mheshimiwa Naibu Meya, mwenyekiti wa vikao vyetu, Waheshimiwa Madiwani mlioapishwa juzi, ambao bado mnaiona semina hii elekezi kama adhabu, Baba Padri, wenyeviti wa vijiji, ndugu wageni waalikwa, na akina mama wa jikoni, ambao mkianza kupakua sasa hivi hotuba yangu itakuwa imekwisha. Itifaki nimejitahidi kuizingatia, niliyemruka anisamehe.

Leo tunafunga mambo mawili kwa pamoja: semina ya siku tatu ya madiwani wapya, na kazi yangu ya miaka ishirini na minane kama katibu wa Baraza la Mji wa Santa Rufina. Naibu Meya amenionya mlangoni, "Nemesio, usituchoshe, na tafadhali usilie." Kulia sitalia. Nimeandika mihtasari ya vikao kwa muda mrefu mno. Hata kuagwa kwangu nakuona kama kipengele cha mwisho cha ajenda, kile cha mengineyo.

Nianze na semina. Nyinyi mmefundishwa siku tatu, mkalalamika. Miaka tisa iliyopita semina ilikuwa asubuhi moja. Mtaalamu alikuja na kitabu kinene kama tofali, akasoma mpaka ukurasa wa arobaini, kisha akaletwa nguruwe wa kuchoma, ngozi yake ikilia kwa kukauka. Baada ya nguruwe, nani tena angefungua kitabu? Tulipiga picha tukaenda makwetu. Ukurasa wa arobaini na moja ulieleza namna ya kusahihisha muhtasari. Naujua kwa sababu kitabu kilibaki ofisini kwangu.

Siku tisa baadaye, baraza likatakiwa kuteua mwakilishi wake kwenye bodi ya maji ya wilaya. Wenyewe mnajua tunavyoteua. Ikiwa ni bodi ya maktaba, kila diwani anatazama dari, na aliyekwenda msalani akirudi anakuta ameshateuliwa na anapigiwa makofi. Ila bodi ya maji ndiyo ingeamua kuhusu chemchemi ya Tagbukid: iendelee kunywesha kijiji, au bomba lishushwe ufukweni kwenye mahoteli. Na jina lililopendekezwa lilikuwa la diwani Eustaquio, mwenye hoteli mbili ufukweni.

Wanne wakaafiki, wanne wakakataa. Akabaki diwani mpya, muuza keki za wali sokoni, mzaliwa wa Tagbukid, Dada Perpetua Catubay. Mwenyekiti wa wakati ule, Mungu amrehemu, akamgeukia: "Haya, Dada Perpetua, unamkubali, au tulale hapa mpaka Krismasi?"

Dada Perpetua akapandisha nyusi.

Ndugu zangu, hapa kwetu nani anasumbua mdomo wake kusema ndiyo? Ukimuuliza muuza samaki kama samaki ni wa leo, anakupandishia nyusi, nawe unatoa kikapu. Mimi mwenyewe nilichumbia na kujibiwa kwa nyusi, na mke wangu yule pale, hajawahi kukanusha. Kwa hiyo nikaandika: ndiyo. Watano kwa wanne.

Lakini nilikuwa nimekaa hatua tatu mbele yake. Nyusi zilipanda, na mdomo ukabaki wazi. Nyusi za ndiyo hazifungui mdomo. Zile zilikuwa za mtu anayesema, "Jamani, mwenye hoteli ndiye akatusemee maji?" Niliona, nikajua. Saa ya chakula ilikuwa imepita, mwenyekiti alikuwa mkali, nami nilikuwa na njaa na woga, na mpaka leo sijui kipi kilizidi.

Kesho yake alikuja ofisini. "Kaka Nemesio, mimi sikumkubali yule. Nilishangaa tu."

Nikamjibu bila kuinua uso, "Dada, muhtasari umeshaandikwa."

Je, nilisema uongo? Ulikuwa umeandikwa, kweli. Nilichokificha ni kwamba haukuwa umethibitishwa, na kwamba kikao kinachofuata angesimama tu akasema nisahihishe, nami ningelazimika. Kikao kikafika, muhtasari ukasomwa, mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Dada Perpetua akatazama mikono yake. Ukathibitishwa.

Bomba likashushwa. Tagbukid walibeba maji kwa ndoo miaka miwili, mpaka walipochimbiwa kisima. Wanawake wa kijijini kwake walipita mbele ya meza yake sokoni, mmoja baada ya mwingine, wakimpandishia nyusi, wasinunue. Uchaguzi uliofuata akaanguka, hata kituo cha kura cha nyumbani kwao kilimkataa. Bwana Eustaquio amehama mji na hayupo hapa kujibu, kwa hiyo simsemi. Aliomba kiti kama mtu yeyote anavyoomba, na aliyempa ni mimi. Dada Perpetua hakuwahi kunitaja kwa mtu. Kila Jumamosi nilinunua keki mezani kwake, akanifungia kwenye jani la mgomba, akaniongezea moja. Niliona aibu kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilikula keki zake.

Mwaka huu amegombea tena, akapita kwa kura chache. Amekaa pale, kiti cha tatu. Juzi mkufunzi alipouliza tuanze na somo gani, yeye ndiye aliyesema, "Tufundisheni kwanza kusahihisha muhtasari." Wengine mlicheka. Mimi nilitoka nje.

Madiwani wapya, baraza litawapa uwakilishi kwenye bodi na kamati, na huko mtakuta makatibu wenye njaa kama mimi. Semeni kwa sauti. Msiposikika, atakayewasemea ni mwenye kalamu.

Na sasa kipengele changu cha mwisho. Akidi imetimia. Naibu Meya ameniruhusu asubuhi nirekebishe neno moja kwenye muhtasari wa zamani. Naona usoni kwake alidhani ni kosa la tahajia. Pole, mheshimiwa. Kitabu cha mihtasari hiki hapa, kalamu hii hapa. Mheshimiwa Diwani Perpetua Catubay, siku ile ulipoulizwa, ulimkubali Bwana Eustaquio?

Hapana, dada, usinipandishie nyusi. Hizo ni za mshangao, siku hizi nazisoma vizuri. Kwa mdomo, tafadhali. Taratibu, sina haraka tena.

Walio nyuma mmesikia? Kwa ambao hawakusikia, amesema: "Sikumkubali. Na wewe ulijua."

Nimeandika. Yote mawili, kama alivyoyasema, na chini yake jina langu. Watu wa Tagbukid mliopo, mkifika nyumbani wasomeeni wenzenu.

Mheshimiwa mwenyekiti, kuna marekebisho mengine? Basi nakushukuru wewe, Mheshimiwa Meya, na wote niliofanya kazi nanyi. Na wewe, dada, nakushukuru kwa ile keki ya nyongeza, ambayo sikuistahili. Asanteni nyote kwa kunitegea masikio.