Ng'ombe Saba Waliokufa Bila Ngozi

Ndugu zangu, mimi nilikuwa nasema hakuna jambo duniani la kunishangaza. Nimesoma darasa la pili tu, lakini niliteremka kutoka Mbulu na mbuzi jike mmoja, nikajenga nyumba ya bati wakati bati zenyewe zilikuwa hazionekani hata kwa kibali. Nani hapa halijui boma langu? Basi nawaambia, nilishangazwa, tena hadharani.

Miaka ile ya foleni za sukari, mama zetu walibeba mahindi kichwani mpaka Babati mjini, wakakuta mashine haina dizeli, wakarudi nayo. Kijiji kikaamua kununua mashine yake. Fedha hakuna, kwa hiyo watu wakatoa ng'ombe. Saba wakaletwa kwangu niwatunze. Desturi yetu mnaijua: anayetunza anakunywa maziwa na kuchukua samadi, ila ng'ombe akifa unampelekea mwenyewe ngozi, asije akasema umemuuza.

Siku moja mwenyekiti wa kijiji, jina lake naliacha, akaja na mjumbe mmoja wa halmashauri. Akasema mashine imepatikana Arusha, ng'ombe wakauzwe. Nikawatoa. Kiongozi anadaiwa shahidi?

Mwezi haukuisha, mkutano ukaitishwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba ng'ombe wote wamefia kwangu kwa ugonjwa wa ndigana, kwa uzembe wangu, na lazima nilipe. Nikasema aliwachukua yeye mwenyewe, akataka nilete shahidi. Yule mjumbe alikuwa anatazama viatu vyake. Nikaambiwa nichague, kulipa ama mahabusu. Nikauza madume yangu, nikamkabidhi mtunza hazina fedha.

Kulipa hakukuuma kama maneno. Kilabuni waliniuliza, "Baba Paulo, saba wote? Hata mkia hukutubakizia?" Mke wangu akaacha kwenda kisimani wakati wenzake wapo. Mimi mwenyewe, hapa kanisani mlinikosa miezi mingi.

Mkutano uliofuata, mama mmoja mjane aliyetoa mtamba wake wa pekee alisimama. Akasema taratibu, "Mwanangu mwenyekiti, mtamba wangu amekufa, sawa. Ngozi yake aliletewa nani?"

Mwenyekiti akajibu kwamba walizikwa na ngozi zao kwa sababu ya ugonjwa.

"Wote saba? Shimo hilo lilichimbwa na nani, sisi majirani tusione?"

Watu wakaanza kucheka. Mjumbe akasimama, jasho linamtoka. "Mimi niliambiwa niwaswage tu mpaka mnadani."

Mwenyekiti aliondoka pale na mgambo, akapelekwa polisi. Fedha ya mnada ilikuwa imekwisha liwa.

Wenzangu wakataka kunirudishia niliyolipa. Nikamtazama yule mama. Nikirudishiwa, mashine hakuna, na mtamba wake amekwenda bure. Nikasema iachwe, inunue mashine.

Mama, umekaa hapo, nakushukuru. Namshukuru mke wangu, ambaye hakuniuliza hata mara moja kama ni kweli, na ninyi mliokuja nyumbani kusali wakati wengine wanapita mbali. Nilichojifunza ni hiki: mali ya kijiji iulizwe mbele ya watu, hata kama anayeulizwa ndiye anayeongoza mkutano.

Na mnaosema kwamba najisifu, ni kweli najisifu. Mashine ile ikinguruma, sikilizeni vizuri. Ndani yake zimo shilingi zangu elfu thelathini na mbili, mia nne na hamsini.