Ukurasa Mmoja Mweupe kwa Ajili ya Alemneh

Baba Askofu, Mheshimiwa Msimamizi wa Wilaya, mapadri na mashemasi mliopewa kivuli, akina mama wa chama kinachokutana kanisani kila tarehe kumi na mbili ya mwezi, ambao bila ninyi leo tungekula maneno matupu, na ninyi wanaume wa kijiji chetu cha Amba Wofit mliokuja kuona kama nitasahau nilichoandika:

Mimi ni Yirdaw Temtime, nina miaka themanini na sita. Mfalme amepita nikiwa hapa. Wanajeshi waliompindua wamepita nikiwa hapa. Njaa mbili zimepita, wake zangu wawili wamepita, na mjukuu mmoja naye amepita, ambaye hakupaswa kunitangulia. Herufi nilijifunza nikiwa na miaka sitini, tena kwa hasira, na hotuba hii nimeiandika kwa mkono wangu siku kumi na moja. Anayetaka kucheka acheke sasa, kwa sababu mbele hakuna mahali pa kuchekea.

Tumekusanyika kuzindua kitabu. Maisha ya Mama yetu Amete-Mikael, mtawa aliyeishi hapa miaka mia sita iliyopita, leo yamepigwa chapa kwa Kiamhari, na Merigeta Libanos, mkuu wa waimbaji wetu, ndiye aliyeyatafsiri. Nimeambiwa nimsifu, nami namsifu. Lakini nina ombi, Baba Askofu, nalitaja mapema nisije nikakatizwa: naomba ukurasa mmoja mweupe mwishoni mwa kitabu hiki, uandikwe kabla hujakipeleka kwa watawa kule mlimani.

Nani alidai tafsiri hii? Mimi! Tangu enzi za bibi zetu tulisomewa maisha haya kwa Kigeezi, lugha ya kanisani, tukainamisha vichwa na kuondoka na baraka, bila kujua tumeambiwa nini. Palikuwa na mahali msomaji anapopandisha sauti, na hapo akina mama wote hupiga vigelegele. Nikasimama mbele ya watu, kifua mbele kama kawaida yangu, nikasema, "Merigeta, tusomee kwa lugha tunayogombezea ng'ombe!"

Merigeta akanijibu, "Mzee Yirdaw, ukielewa utanuna."

"Afadhali ninune nikiwa nimeelewa."

"Haya. Usije ukanirudia mlangoni."

Watu walicheka, nami nikacheka kuwazidi.

Mwezi uliofuata akasoma kwa Kiamhari, kutoka karatasi zake za penseli. Tukafika mahali pa vigelegele. Kumbe ni pale Amete-Mikael anapomlaza mwanawe anayenyonya kwenye lango la kanisa, anaondoka kwenda kuwa mtawa, mtoto analia, naye hageuki. Ndicho tulichokuwa tukikipigia vigelegele, mama zetu na bibi zetu, miaka yote hiyo! Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Maskini, alikuwa hajaachishwa ziwa." Halafu kigelegele kimoja kikapigwa, kimoja tu, kirefu. Alikuwa binti yangu Tiringo, na mgongoni amembeba Alemneh, wa miezi minane.

Alhamisi iliyofuata alisaga shayiri yote ya nyumba. Akamnyonyesha mtoto akashiba, akamfunga ndani ya shuka lake jeupe, akamlaza langoni pale pale. Nilimkimbilia mpaka kijitoni. Nikamwambia, "Tiringo, una wazimu? Rudi! Mtoto analia."

"Namsikia, baba."

"Unamsikia halafu?"

"Hata Amete-Mikael alimsikia wake. Wewe ndiye uliyetaka tuelewe, baba. Mimi nimeelewa."

Mimi niliyemwangusha chui kwa fimbo, nikarudi langoni peke yangu kumwokota mtoto.

Jirani yetu Enatnesh alimnyonyesha Alemneh pamoja na wa kwake, hadi maziwa yakakatika. Tukampa maziwa ya mbuzi, tukampa uji wa shayiri. Akafa kabla ya mfungo mkuu. Nikaenda kwa Merigeta, mlangoni kabisa alikonikataza, nikamuuliza, "Yule mtoto wa kitabuni aliishia wapi?"

"Kitabu hakisemi."

"Hukuruka mstari?"

"Mzee wangu, nimetafuta kama unavyotafuta wewe. Hakuna mstari."

Nikapanda mlimani kumwambia binti yangu. Alitoka na kofia yake ya njano ya kitawa, amekonda, uso umetulia kama maji ndani ya mtungi. Akauliza, "Alemneh anatembea?" Nikasema anatembea. Huu ni mwaka wa tisa, na kila ninapopanda mtoto anaongezeka urefu mdomoni mwangu. Mwaka jana nilimwambia ameanza shule.

Asubuhi hii, Baba Askofu, umesema kwamba huenda siku moja maisha ya Tiringo nayo yataandikwa, na akina mama wakapiga vigelegele. Nani atayaandika? Na mtoto atamwacha langoni kama yule mwenzake, bila mstari? Katika kitabu chetu cha zamani, kile cha ngozi, karatasi nyeupe za mwisho zimeandikwa mambo ya watu: mpaka wa shamba, zawadi ya taa, hata nyumbu aliyetolewa kwa kanisa ana mistari yake mitatu. Nyumbu! Sitaki kumfuta mtakatifu. Simwombei binti yangu aibu. Nataka tu aliyezaliwa aandikwe kwamba alizaliwa na akafa, na mama yake ausome ukurasa huo akiwa peke yake, kwa sababu mimi mdomo wangu umeshindwa, na miaka yangu inaisha.

Nawashukuru mlioketi na mliosimama kwa kunivumilia. Karatasi zile hazikubali jambo lisilo na mashahidi, basi waandikwe hawa: Enatnesh Workneh, aliyemnyonyesha. Baba Gelaw, aliyemzika upande wa mashariki wa kanisa. Sewnet, baba yake, aliyechimba kaburi na hakuniruhusu kumsaidia. Merigeta Libanos, aliyetafuta mstari. Na mimi Yirdaw Temtime, niliyesema anatembea.