Mtoto wa Kipkemei Anasikia

Benchi la Mzee Almasi lilikuwa mbele ya lango la kiwanda cha maziwa, Nakuru: ubao mmoja juu ya mawe mawili, na birika la kahawa juu ya jiko la makaa. Malori ya mashamba yalifika saa moja asubuhi na kushusha mikebe iliyojaa. Mikebe mitupu ilirudishwa saa nne, na aliyeingoja aliketi kwa Almasi. Mwaka huo wa 1957 wateja wa kila siku walikuwa wawili. Ogola wa reli aliitwa Taimu kwa sababu alijua saa ya kila treni. Hezekiah aliitwa Dresa, jina la wafunga vidonda wa hospitali, kwa sababu aliwahi kuosha chupa katika hospitali ya jeshi huko Burma, na tangu arudi hakukubali kwamba alikuwa akiosha chupa tu. Jumanne moja ya Julai, Kipkemei, mkamuaji katika shamba la Mzungu huko Dundori, alishuka kwenye lori akiwa na binti yake Chelangat, mwenye miaka minne na nusu. Mtoto alikuwa na pamba katika sikio la kushoto. Inzi walitua juu ya pamba na yeye hakuwafukuza.

Dresa: Kipkemei! Leo umeleta nyapara wako?

Kipkemei: Ni msichana wangu wa tatu. Mama yake amesema nimpeleke hospitali. Masikio yote mbili inatoa usaha, kwa zamu. Inakauka, inarudi. Sasa ni mwaka ya pili.

Taimu: Na lori?

Kipkemei: Lori inarudi saa nne. Ikiniacha, jioni ng'ombe ishirini hawana mtu wa kukamua. Nyapara ameniambia wazi, watu wanaotaka kazi yangu wako wengi. Ndiyo nauliza nyinyi mnaojua mji. Hii ni kitu ya hospitali, ama ni ya kungoja?

Dresa aliitoa pamba, akainusa, akairudisha mahali pake.

Dresa: Maji ya kuoga, hii. Kule Burma niliona masikio mia. Unapasha mafuta, unaweka matone matatu, unamlaza kwa ubavu.

Kipkemei: Tumeweka mafuta. Tumeweka maziwa ya mama. Tumeweka mkojo wa ndama.

Dresa: Ndama dume ama jike?

Kipkemei: Jike.

Dresa: Basi unaona.

Almasi: Acheni livuje. Wahenga walisema, kuvuja kwa pakacha ni nafuu kwa mchukuzi. Uchafu unatoka wenyewe. Mkiliziba, unarudi ndani.

Taimu: Pakacha ni mzigo, mzee. Hii ni kichwa ya mtoto.

Almasi: Na kichwa si mzigo? Beba changu siku moja, uniambie.

Taimu: Mimi nasema shida ni Dundori. Mnakaa juu sana. Nimepanda na treni mpaka Timboroa mara ngapi? Kila mara masikio inaziba. Ukishuka Kisumu, inafunguka yenyewe. Huyu amezaliwa huko juu, hajashuka hata siku moja. Itafunguka saa ngapi?

Dresa: Si leo ameshuka Nakuru?

Taimu: Nakuru ni nusu ya njia. Mtafutie tikiti ya Kisumu.

Kipkemei: Hata mimi nimezaliwa huko juu. Nasikia.

Taimu: Wewe ulizaliwa kabla pareto haijapandwa huko. Ile vumbi yake inaua kila mdudu. Sasa sikio ya mtoto ina nguvu kuliko mdudu?

Dresa: Taimu, wewe ni mtu wa treni, kaa na treni yako. Kipkemei, bwana wako ana redio?

Kipkemei: Anayo. Alileta mwaka juzi.

Dresa: Waya wake umefungwa wapi?

Kipkemei: Kwa mti, karibu na kambi yetu.

Dresa: Basi tumefika. Ule waya unavuta sauti kutoka Nairobi mpaka London. Sauti ya London inafika, na wewe unafikiri sauti ya kambi itabaki? Inapita kwanza katika masikio laini. Ya watoto.

Taimu: Kambi ina watoto wangapi wenye usaha?

Kipkemei alihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, akaendelea na wa pili.

Kipkemei: Saba. Wengine imekauka.

Dresa: Waya.

Almasi: Redio, pareto, treni! Pengine mtoto ni mkaidi tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mchape kidogo, utaona masikio yanazibuka.

Kipkemei: Nimemchapa, mzee. Niliita, hakuja. Siku nyingine niliita, hakuja. Nikamchapa kwa fimbo ya ng'ombe.

Almasi alijishughulisha na makaa.

Taimu: Ndiyo walisema, sikio la kufa halisikii dawa.

Taimu mwenyewe alionekana kutaka kuyarudisha maneno yake. Chelangat alikuwa ameketi kwenye benchi, akichora mistari vumbini kwa kidole cha mguu. Alipoinua macho alitazama midomo ya watu, mmoja baada ya mwingine.

Dresa: Ngojeni. Tunatibu nini kama hatujapima? Jeshini kwanza ni kupima.

Alichukua kijiko na kikombe cha bati, akapita nyuma ya benchi. Kipkemei, Taimu na Almasi wakageuka kumwangalia. Akagonga. Chelangat aligeuka.

Dresa: Moja.

Taimu alivuka barabara, akarudi na mkebe mtupu wa maziwa. Aliuangusha nyuma ya mtoto kwa nguvu hata ubao wa benchi ukatikisika. Chelangat aligeuka tena, akacheka.

Dresa: Mbili. Mtoto wa Kipkemei anasikia! Usaha ni uchafu wa utoto. Atakua, utaisha. Rudi na lori yako.

Kipkemei alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Alimnunulia mtoto nusu kikombe cha kahawa, na Almasi akaongeza sukari bila kuombwa.

Kipkemei: Nitamwambia mama yake. Wanawake wanaogopa haraka.

Ilikuwa saa tatu na nusu Nekoye alipopita na chupa zake kununua maziwa langoni. Mume wake alifanya kazi reli pamoja na Taimu. Alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu mgongoni, na mtoto huyo hakunyamaza hata mara moja.

Nekoye: Bwana Ogola, huyu jana amerudi nyumbani na tusi la Kijaluo. Limetoka kwa nani kama si kwa watu wako?

Taimu: Mama, hilo ni somo. Wengine wanalipa karo.

Nekoye: Utamfundisha na kanisani basi. Kila siku ana neno jipya, kichwa kinaniuma. Na huyu mrembo ni wa nani?

Kipkemei: Ni wangu.

Nekoye: Huyu ni mkubwa kuliko wangu. Lazima anakumaliza kwa maneno. Mwaka huu amejua kusema nini?

Aliuliza kama watu wanavyouliza habari za mvua. Kipkemei alifungua mdomo kujibu.

Kipkemei: Anasema mama. Anasema maziwa. Anasema Lelmet.

Nekoye: Lelmet ni nani?

Kipkemei: Ni ng'ombe. Tuliuza mwaka juzi. Siku hizi kila ng'ombe anamwita Lelmet.

Nekoye: Hayo ni ya zamani, baba. Mimi nauliza ya mwaka huu.

Kipkemei alimtazama Dresa. Dresa alitazama ndani ya kikombe chake. Taimu alianza kusema jambo kuhusu Timboroa, akaliacha.

Kipkemei: Mtazame chini.

Almasi: Nani?

Kipkemei: Nyinyi wote. Mtu asiinue macho. Mtu asiguse benchi.

Walitazama chini. Nekoye alimfunika mwanawe mdomo kwa kiganja. Kipkemei alikwenda nyuma ya binti yake, hatua tatu, akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Chelangat aliendelea kunywa. Akaita kwa sauti kubwa zaidi. Katika lango la kiwanda watu wawili waligeuka. Mara ya tatu aliita kwa sauti ile wanayotumia wachungaji kuita ng'ombe walio ng'ambo ya bonde. Chelangat alikuwa akilamba sukari iliyobaki chini ya kikombe.

Lori la Dundori lilipiga honi. Mpakiaji mmoja alipaza sauti kwamba mikebe iko tayari.

Kipkemei: Hospitali ni njia gani?

Dresa aliinuka.

Dresa: Mimi niliosha chupa tu, Kipkemei. Lakini njia naijua. Twende.

Kipkemei alichuchumaa mbele ya mtoto, akamwambia wanakwenda kwa daktari. Alisema kwa lugha ya nyumbani, kisha akasema tena polepole. Chelangat aliangalia mdomo wake mpaka ukaacha kusogea. Kisha akamshika baba yake mkono na kuanza kumvuta kuelekea lori. Baba alimgeuza upande wa pili. Mtoto akavuta tena, kwa nguvu zaidi, akilia sasa, kwa sababu nyumbani kulikuwa upande ule na hakuna mtu pale aliyekuwa na njia ya kumweleza. Kipkemei akambeba.