Chuma cha Roshani

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu uliyeegemea mlango kama askari, uache mlango uje uketi, maana maneno niliyo nayo leo hayasikilizwi kwa kusimama. Dada yako amenipa maji, nimekunywa, kifua kimenipa nafasi kidogo, na mgonjwa akipewa nafasi haichezei. Nimesikia asubuhi mlivyomfukuza mwenye nyumba. Mlidhani nimelala, mtu wa hali yangu halali, hufumba macho tu asisumbuliwe na uji. Nimesikia fimbo yake ikipanda ghorofa zote tatu, nikamsikia akisema, "Nimekuja kumjulia hali fundi, sikuja na notisi," nikakusikia na wewe, mwanangu, ukimjibu kwamba aliyemuua mama hawezi kuja kumtazama baba. Kisha fimbo ikashuka, ikasimama. Mdogo wenu anasema mzee bado ameketi kwenye ngazi za ghorofa ya kwanza, miguu imekataa kumfikisha barabarani. Basi nisikilizeni kabla hajapata nguvu za kuondoka.

Nianze na mali, kwa kuwa najua hilo ndilo mnaloliulizana jikoni mkidhani sinki likimwagika maji mimi sisikii. Mali yangu yote imo ndani ya nyumba isiyo yangu. Miaka ishirini na tisa iliyopita niliingia humu na mama yenu, jiko halina hata rafu, choo hakina mlango, madirisha hayana grili, na bomba moja linalokohoa zaidi ya ninavyokohoa mimi leo. Mwenye nyumba tulimwita Bwana Kesho, na hata mkewe alijua. Ukimwambia kitasa kimekufa, kesho. Paa la bafu linadondosha, kesho. Alilisema neno hilo kwa upole mpaka unamshukuru, unafika nyumbani ndipo unakumbuka kwamba hujapewa kitu. Na kwenye mkataba wetu wa ukurasa mmoja aliandika mstari ambao nimeuchukia kuliko nilivyomchukia mtu yeyote: kilichoshikana na ukuta ni cha mwenye nyumba.

Mimi fundi wa kuchomelea vyuma, nikausoma mstari ule nikacheka. Nikasema, huyu hanijui. Ndiyo maana kila kitu mnachokiona humu kimefungwa kwa nati. Kabati la jikoni, nati. Mlango wa choo, grili, kitanda cha kukunja cha mdogo wenu, stendi ya tangi la maji, vyote nati, boliti na spana namba kumi na tatu, ili siku ya kuhama tufungue kimoja kimoja tuondoke na vyetu, tumwachie Bwana Kesho ukuta wenye matundu. Mtaani nilichomelea mageti ya watu, nyumbani kwangu sikuwahi kuwasha mashine. Kinyozi hajinyoi, walinitania mafundi wenzangu, nami nikaona ni sifa. Nilijiona mjanja, wanangu, na ujanja ule ndio uliotufikisha hapa.

Mwaka wa saba mvua zilikuwa nyingi, maji yakatuama kwenye roshani, chuma cha kizuizi kikaoza pale miguuni kinapoingia kwenye zege. Ukikisukuma kinacheza kama jino la mtoto. Nikamwambia mwenye nyumba. Kesho. Nikamwambia tena. Kesho. Na hapa ndipo masimulizi mnayoyajua huishia, kwamba alisema kesho mpaka mama yenu akaanguka. Mmeyasikia kwangu, mkayakariri, na wewe mkubwa umeyafanya dini. Sasa sikieni yaliyobaki. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kinaniumbua nikiwa bado napumua.

Alileta chuma. Naam, tazameni chini, hata mimi nisingependa kutazamwa. Miezi minne kabla ya siku ile alikuja na mkokoteni, akashusha mabomba mawili mapya ya chuma, akayalaza chini ya ngazi kule chini, kando ya ndoo za mama mfagiaji. Akanikuta natoka kazini, akaniambia, "Fundi, chuma hicho hapo. Mashine unayo, umeme tumia wangu, chomelea."

Nikamwuliza, "Na mkono wangu analipa nani?"

"Kwani si unakaa wewe humo?"

"Nakaa, similiki."

"Haya," akasema, "tutazungumza kesho."

Hatukuzungumza. Yeye hakutaka kuita fundi mwingine, maana atalipaje fundi wa nje na fundi yumo ndani, watu watamcheka. Mimi sikutaka kuwasha mashine, maana kizuizi kile hakifungiki kwa nati. Ni lazima kichomelewe kwenye visiki vilivyomo ndani ya zege, na nikishakichomelea kimeshikana na ukuta, kimekuwa chake milele, na jasho langu limo ndani yake. Kazi ya nusu siku, wanangu, nusu siku kwa fundi mlevi. Nilipita juu ya mabomba yale kila asubuhi na kila jioni kwa miezi minne, nyinyi na majirani mkidhani ni ya karakana yangu. Kuna siku niliweka mguu juu yake nikafunga kamba ya kiatu.

Mama yenu alinisihi. Hakuwa mtu wa kelele, mnajua wenyewe, isipokuwa wewe mdogo uliyeachwa hujui hata sauti yake. Mara ya kwanza alisema, "Baba watoto, chomelea tu yaishe." Mara ya pili alifunga kizuizi kwa kamba ya njano, ile ya kuanikia, akakaza mafundo kwa meno. Binti yangu, wewe ulimshikia kamba, unakumbuka. Mara ya tatu alisema neno ambalo nimelala nalo na kuamka nalo kwa miaka ishirini na miwili: "Nyinyi mnagombania chuma, lakini mimi ndiye ninayeanika." Nami nikamjibu kwamba huu ni msimamo, mwanamke haelewi msimamo. Wazee walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Sikuwahi kujiuliza nyasi ni nani kwangu.

Jumamosi ile shuka lililolowa maji lilimzidi uzito. Sitayasema ya pale chini, wewe mkubwa uliyaona, na uliyaona ukiwa na miaka kumi na mitano, na hilo nalo ni deni langu kwako ambalo sina pa kulitoa. Nitasema nililofanya mimi. Wanawake walipokuwa juu wakilia na majirani wamejaa uani, niliinama chini ya ngazi, nikayabeba mabomba yale mawili begani, nikayapeleka karakana, nikayafunika kwa turubai. Hakuna aliyeniuliza, fundi kubeba chuma si ajabu. Mama mfagiaji peke yake alinitazama, akachukua ndoo zake akaenda zake. Nikarudi, nikasimama katikati ya watu, nikapaza sauti: "Nimemwambia mara ngapi huyu mtu alete chuma!" Na siku ya nne baada ya mazishi nikakichomelea kizuizi kwa mabomba yale yale, nikawaambia kwamba ameyaleta sasa, mtu akishakufa. Mkamlaani. Nami nikaitikia.

Alipokuja matangani, wewe mkubwa ulisimama mbele yake ukamwuliza chuma kilikuwa wapi. Akafungua mdomo. Akasema, "Mwanangu, mimi nili..." akanitazama, nami nikamtazama, akaufunga. Miaka mitano baadaye nilipompelekea kodi nilimwuliza kwa nini alinyamaza, akaniambia watoto walikuwa wamebaki na mzazi mmoja na hakuona faida gani angeipata kwa kuwanyang'anya na huyo. Mnadhani nilimshukuru? Nilimchukia maradufu. Mtu akikufichia aibu yako umekuwa mfungwa wake, kila salamu yake ni funguo anazozichezesha mfukoni. Wala msije mkadhani alikuwa malaika, mwaka uleule wa msiba alipandisha kodi, eti roshani imekuwa nzuri. Simtakasi. Nyumba ilikuwa yake, chuma kilioza kwake, angeita fundi yeyote mtaani, na yeye anajua, ndiyo maana amepanda ngazi zote zile kwa miguu ile. Lakini nusu yake ni nusu yake, wala hainipunguzii yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka ishirini na miwili na ingeendelea, ningekuwa na mapafu.

Sasa wewe, mkubwa wangu. Geuka unitazame, au usinitazame, ila sikia. Mwenye nyumba alikuja tena baada ya arubaini, akataka kukulipia shule mpaka uimalize. Ulimrushia bahasha yake kwenye ngazi, ukasema hutasoma kwa damu ya mama yako, kesho yake ukaja karakana ukavaa miwani ya kuchomelea. Watu walikusifu, nami nikakusifu kwa sauti kuliko wote. Mwalimu wako alikuja mpaka karakana kunisihi, akisema hajapata mwanafunzi wa hesabu kama wewe. Ningeweza kukurudisha kwa neno moja. Nikakuacha, kwa sababu ungekubali msaada wake mngezungumza, na mngezungumza ungejua. Leo una miaka thelathini na saba, macho yako mekundu kama yangu, usiku unayawekea vipande vya viazi kuyapoza moto wa mashine na kujifanya umezoea. Mchuma janga hula na wa kwao, na sahani kubwa nilikupakulia wewe.

Ngojeni. Ngojeni kidogo... Maji. Hapana, inatosha.

Mnamlaumu mwenye nyumba kwa kutolipia matengenezo. Matengenezo yalilipwa. Aliyelipa ni mama yenu, na baki mkaja kulilipa nyinyi. Nakaa humu miaka yote hii si kwa sababu ya kodi nafuu kama mnavyomwambia mama mdogo wenu; nimekaa kwa kuwa sikuweza kumkabidhi mtu mwingine roshani ile aanike nguo zake akiimba.

Hukumu yangu juu ya vitu ni hii. Nikishaondoka, chukueni spana, fungueni vyote. Kabati la jikoni ni la binti yangu, alilipaka rangi mwenyewe. Stendi na tangi ni za mdogo wenu. Grili ziuzeni, mgawane bila kununiana, na matundu mzibe, kila tundu, mpake na rangi, msimwachie mzee ukuta wa chuki. Mashine ya karakana na karakana yenyewe ni vya mkubwa, kama atavitaka. Kizuizi cha roshani msikiguse. Chuma ni cha mwenye nyumba, tangu kabla mama yenu hajafa, na mkiulizwa semeni hivyohivyo, kwa majirani, kwa mama mdogo wenu, kwa watoto wenu. Msinisitiri. Mtu mmoja alinisitiri na mmeona faida yake.

Na la mwisho, ndilo nililowaitia. Mzee yule aletwe hapa nikiwa bado nina ulimi. Nataka kumwambia mbele yenu kwamba alileta chuma. Basi, hilo tu, sitaki anisamehe, wala mimi sijui kama nimemsamehe. Na nataka huyu mkubwa akamfungulie mlango, kwa mkono wake mwenyewe, mkono uliomfungia asubuhi. Nenda, mwanangu. Mshike mkono ngazi zile, ya pili imemeguka, ana...

Anatoka. Kaeni kimya, nisikie.

Ni viatu vyake, anakanyagia kisigino tangu mtoto. Ghorofa ya pili. Sasa ya kwanza. Amemfikia.

Hakusimama.

Mnasikia? Amempita. Hata ule mlango wa chini umebamizwa.

Kaa, mdogo, usimkimbilie. Mwache aende, ana haki, haki yenyewe nilimnyima mimi. Binti yangu, mama, futa uso wako, nenda wewe. Mwambie mzee fundi anamwita. Akikwambia kesho... mwambie fundi hana. Mlango uacheni wazi.

Nisogezee mto, mdogo. Hivyo. Sikiliza, ukamwambie na kaka yako, mtafute popote, ukamwambie nilisema nikiwa na akili zangu: radhi zangu nawapa nyote watatu, na yake nampa ya kwanza, anipende asinipende. Mungu awape nyumba zisizo na mtu anayeingoja zamu ya mwenzake. Awape macho, hasa yeye. Awape... mkiona kitu kinacheza, wanangu, kitengenezeni. Kodi mtaulizana... baadaye...

Fimbo. Naisikia fimbo. Inapanda polepole, na ni hatua za watu wawili. Dada yako ana miguu myepesi, hii ni ya nani nyingine... ni kisigino, au masikio yangu...

Mdogo, niambie. Nani amemshika mkono?